Mkataba, Sendika na Hiari: Sheria za Kazi na Mfanyakazi wa Katanga

Mkataba, kwa maana yake ya kawaida, ni mapatano ya watu wawili walio huru. Sivyo mfanyakazi wa Katanga alivyolijua neno hilo wakati wa ukoloni. Amri ya tarehe 16 Machi 1922 iliruhusu mkataba wa kazi usiozidi miaka 3. Lakini mwenyeji aliyeiacha kazi kabla ya muda kwisha alihesabiwa kuwa mhalifu, na aliweza kutiwa gerezani. Union Minière ilipoanza kueneza mikataba ya miaka 3, karibu na mwaka wa 1928, na kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, ilijipatia watu wa kudumu. Watu hao, hata hivyo, hawakuwa na chama cha kuwasemea.

Upungufu huo ulidhihirika Desemba 1941. Bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita, na wafanyakazi Waafrika wakagoma kudai nyongeza ya mshahara. Jibu lilikuwa risasi. Mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, makumi ya watu waliuawa, miongoni mwao Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao.

Mwaka wa 1946 serikali ya kikoloni iliruhusu sendika za Waafrika. Lilikuwa jambo jipya, lakini mlango ulifunguliwa nusu tu, kwani sendika hizo ziliwekwa chini ya uangalizi wa watawala. Ilibidi kungoja hadi amri ya tarehe 25 Januari 1957 ili uhuru wa sendika utambuliwe bila ubaguzi wa rangi.

Baada ya uhuru, mwaka wa 1967 ulileta mambo mawili yanayopingana. Kanuni ya Kazi ya tarehe 9 Agosti ilimpa mfanyakazi kinga kuhusu mkataba, likizo na kuachishwa kazi. Lakini mwaka huohuo sendika zote ziliunganishwa kuwa moja, nayo ikafungamanishwa na chama tawala. Haki ziliongezeka, sauti ya kuzidai ikapungua. Wingi wa sendika ulirudi tu baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990.

Kanuni mpya ya tarehe 16 Oktoba 2002 ilikataza kuwaachisha kazi watu wengi kwa pamoja, isipokuwa kwa idhini ya waziri. Mwaka uliofuata, katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, waliokuwa wakidai mishahara ya miezi mingi, waliondoka kwa malipo ya mara moja. Tendo hilo halikuitwa kuachishwa kazi. Liliitwa kuondoka kwa hiari. Baadaye wengi walilalamika kwamba malipo hayo hayakufikia haki zao za kisheria. Lakini je, mtu asiyelipwa mshahara ana hiari gani?

Ni dhahiri, basi, kwamba toka mkataba wa 1922 hadi hiari ya 2003, maneno ya sheria yalibadilika upesi kuliko maisha ya mfanyakazi. Tena maneno hayo yaliandikwa kwa Kifaransa, ilhali mgodini na kambini watu walisema Kiswahili. Sheria humlinda yule anayeweza kuisoma, kuijadili na kuidai pamoja na wenzake. Kwa asiyeweza hayo, hubaki karatasi ya kutia kidole.