Ukimwaga oili ya gari mwenyewe, galoni nzima si kipimo

Kila tunapogusia magari, swali moja hurudi: nikimwaga oili mwenyewe nyumbani, niweke kiasi gani? Mitaani jibu ni jepesi, galoni moja. Ni jibu linaloweza kuua injini, ndiyo maana tumeliandika kwa urefu hapa, ili msikilizaji uliye mbali na gereji ulisome polepole kwenye simu ukiwa umesimama kando ya gari lako.

Tuanzie Mikocheni, wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam. Eneo hili linapitiwa na Barabara ya Mwai Kibaki, ambayo wengi bado wanaiita Bagamoyo ya zamani. Humo utakutana na Toyota ndogo za kila aina, na mbele ya nyumba nyingi kuna mchanga laini na ukingo wa barabara unaoteremka kwenda kwenye mtaro. Gari likishatumika hapo miaka kadhaa, mara nyingi huuzwa na kupelekwa mkoani. Kwa hiyo gari la Mikocheni la leo huenda ndilo litakalobeba mahindi kijijini kwako kesho, na makosa ya oili husafiri nalo.

Chukua mfano wa Toyota IST ile ya kwanza. Injini zake za cc 1300 na cc 1500 huchukua lita 3.7 za oili ukibadilisha na filta. Usipobadilisha filta, ni lita 3.4, kwa sababu oili nyingine imebaki ndani ya filta ya zamani. Sasa nenda dukani. Galoni zinazouzwa ni za lita 4 au lita 5. Ukimimina galoni ya lita 4 yote, umezidisha kwa desilita 3, pungufu kidogo ya chupa ya soda. Hapo hujaua gari. Lakini ukimimina ile ya lita 5 yote, umezidisha zaidi ya lita nzima, na kama filta hukuibadilisha umezidisha zaidi ya lita moja na nusu. Hilo ni jambo jingine kabisa.

Kwa nini oili nyingi ni hatari

Wengi wanaelewa kwamba oili kidogo huharibu injini. Oili nyingi wanaiona kama ukarimu, kama kumwongezea mgeni chai. Sivyo injini inavyofanya kazi.

Oili hukaa kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini. Juu yake kidogo huzunguka krankishafti, chuma kizito kinachopokea nguvu za pistoni. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, chuma hicho kinazunguka mara 50 kwa sekunde moja. Kimewekwa kizunguke juu ya oili, si ndani yake. Oili ikizidi sana, kinaanza kuichapa, nayo inafanya povu kama mayai unayoyapiga kwenye bakuli. Povu ni hewa. Pampu ikivuta povu badala ya oili, presha inashuka na beringi zinabaki bila ulinzi. Yaani gari lenye oili nyingi mno linaweza kuharibika kwa namna ileile ya gari lisilo na oili.

Kuna mengine. Oili iliyozidi husukumwa kwenye njia ya hewa, ikaungua, na gari likaanza kutoa moshi wa bluu. Sili zinaweza kuanza kuvuja. Kwa injini ya dizeli hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu dizeli haihitaji cheche za plagi: oili ikiingia kwa wingi kupitia njia ya hewa, injini inaweza kuifanya mafuta yake na kuendelea kuunguruma kwa kasi hata baada ya kuzima ufunguo.

Oili ikipungua nayo ina siri yake. Kwenye barabara ya tambarare gari linaweza kwenda vizuri tu. Ukianza kupanda Kitonga au Sekenke, au ukikata kona kali, oili hukimbilia upande mmoja wa sampu na pampu inavuta hewa. Taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili hapo ndipo huwaka. Wengi hudhani taa hiyo inapima wingi wa oili. Haipimi. Inakwambia kwamba presha imeshapotea, na kila sekunde unayoendelea kuendesha chuma kinasaga chuma. Zima injini palepale, usisubiri kufika mbele.

Kumwaga

Endesha gari dakika chache ili oili ipate joto na kuwa nyepesi, kisha zima. Isiwe ya moto sana, maana itakuunguza mkono inapotoka. Liweke gari mahali pa tambarare, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu.

Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Hili hatuna mjadala nalo. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Kwenye mchanga, kama ule wa Mikocheni au wa kijiji chochote cha pwani, jeki huzama upande mmoja na gari linakulalia; iwekee ubao mpana na mnene chini. Tumia stendi imara za chuma, au shimo la gereji. Tofali hupasuka ghafla bila kukuonya.

Ukiwa chini, hakikisha nati unayofungua ni ya injini. Kosa hili hutokea kuliko watu wanavyokiri: mtu anafungua nati ya gia boksi ya otomatiki, anamwaga oili ya gia, kisha anarudi juu na kuongeza lita karibu 4 kwenye injini ambayo haikumwagwa hata tone. Sasa gia boksi haina oili na injini ina mara mbili. Subaru zina sifa mbaya kwa hili, kwa kuwa nati hizo mbili zinafanana. Kwenye IST nati ya injini hufunguliwa kwa spana namba 14. Angalia pia rangi: oili ya injini iliyotumika ni nyeusi au kahawia, ya gia boksi ya otomatiki mara nyingi ina wekundu. Ukiona wekundu unatoka, funga haraka.

Acha oili itiririke mpaka ibaki matone. Weka washa mpya kwenye nati na uikaze kwa nguvu ya mkono mmoja kwenye spana fupi. Ukiing'ang'ania, unaua uzi wa sampu. Unapotoa filta, hakikisha mpira wake haukubaki umeganda kwenye injini, maana mipira miwili ikikutana oili yote inaweza kumwagika barabarani. Filta mpya ipake oili kwenye mpira, izungushe kwa mkono, na mpira ukishagusa ongeza kama robo tatu ya mzunguko.

Kumimina na kupima

Kama kitabu cha gari hakipo, na kwa magari ya mtumba kutoka Japani kikiwepo huwa cha Kijapani, tafuta kiasi kwa jina la injini lililoandikwa kwenye bamba chini ya boneti. Usitumie jina la gari peke yake, kwa kuwa gari moja linaweza kuwa na injini tofauti.

Usimimine kiasi chote kwa mara moja. Kwa IST weka lita 3 kwanza. Kama galoni yako haina mistari ya kupimia, chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita ni kipimo kizuri, mradi iwe kavu kabisa ndani. Subiri kama dakika tano oili ishuke, kisha chomoa kijiti cha kupimia, wengine hukiita dipstiki. Kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena ndipo usome. Ile mara ya kwanza haihesabiki, kwa sababu kijiti kimepakwa oili njiani.

Kina alama mbili: ya chini, L kwenye Toyota nyingi, na ya juu, F. Kwenye vijiti vingine ni vitobo au vidoti tu. Oili inatakiwa iwe kati ya hizo mbili. Sisi tunapendelea karibu na ya juu bila kuivuka. Kwenye magari mengi madogo nafasi kati ya alama hizo ni takriban lita 1 hadi 1 na nusu, kwa hiyo nusu lita ni hatua kubwa. Ukikaribia, ongeza kidogo kidogo. Pande mbili za kijiti zikionyesha tofauti, amini ule wa chini.

Ukimaliza, washa injini kwa dakika moja bila kukanyaga mafuta, huku mtu akiangalia chini kama kuna uvujaji. Zima, subiri dakika tano, pima tena. Oili itakuwa imeshuka, kwa sababu filta mpya imekunywa sehemu yake. Ongeza kilichopungua. Wengi huruka kipimo hiki cha pili, nacho ndicho kinachosema kweli.

Mahali pa kupimia ni nusu ya kipimo. Gari lililoinamia mtaro linadanganya, liwe limeinama ubavu au pua. Kama nyumbani kwako ni mteremko, peleka gari kwenye sakafu ya sheli iliyo sawa na upimie hapo. Na usipime gari likiwa bado kwenye jeki.

Kama gari limewahi kubadilishiwa injini, kikague kijiti chenyewe. Kinaweza kuwa cha injini nyingine, kirefu au kifupi. Njia ya kukijaribu: mwaga oili yote, weka filta mpya, mimina kiasi kamili cha injini hiyo ulichopima kwa chupa, washa, zima, subiri, kisha angalia oili imefika wapi. Hapo ndipo alama yako ya juu, hata kama maandishi ya kijiti yanasema vingine.

Ikishazidi

Milimita mbili tatu juu ya F si sababu ya kukosa usingizi. Ikizidi nusu lita, itoe kabla ya safari. Legeza nati ya chini taratibu, injini ikiwa imepoa, acha kidogo itoke, kaza, pima. Au tumia bomba kubwa la sindano lenye mpira mwembamba, uupitishe kwenye tundu la kijiti na uvute. Usivute kwa mdomo kama wanavyofanya wanaonyonya petroli. Oili iliyotumika ina sumu.

Oili ikipanda yenyewe bila wewe kuongeza, usiitoe tu na kuendelea na safari. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia. Ikinuka petroli au dizeli, mafuta yanavuja ndani. Gari hilo liende kwa fundi likivutwa.

Kwa wenye pikipiki, nyingi za bodaboda huchukua karibu lita 1 tu, kwa hiyo kosa dogo ni kubwa. Pima ikiwa imesimama wima, si imelalia stendi ya pembeni. Nyingine zina kioo kidogo ubavuni, nyingine kijiti chenye uzi. Kwenye nyingi za aina hii kijiti hugusishwa tu bila kukifunga, lakini fuata maelekezo ya pikipiki yako.

Oili chafu irudishe kwenye galoni ile tupu na uifunge. Najua wapo wanaopaka nguzo kuzuia mchwa, na wapo wanaopaka mifugo vidonda, jambo ambalo tunaomba liachwe. Isimwagwe mtaroni wala karibu na kisima. Ipeleke gereji au sheli inayokusanya oili iliyotumika, au muulize afisa mazingira wa halmashauri yako ilipokewe wapi.