Baada ya Upekuzi: Nyumba Iliyopikiwa Dawa za Kulevya na Wajibu wa Kuisafisha Mpakani Ruhwa

Sheria za kupambana na dawa za kulevya katika Afrika Mashariki zimeundwa kumwandama mtu na mzigo wake. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2012 kuhusu dawa za kulevya na kemikali bashirifu, yaani kemikali halali za viwandani na hospitalini ambazo zikichepushwa hutumika kutengenezea dawa hizo, pamoja na sheria ya makosa na adhabu ya mwaka 2018, zinashughulika hasa na nani aadhibiwe na kwa kiasi gani. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015, ambayo ndiyo msingi wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, inafuata mkondo huohuo. Nyumba ambamo dawa zilipikwa huingia katika hesabu hiyo ama kama kielelezo cha mahakamani ama kama mali ya kutaifishwa. Makala haya yanadai kwamba nyumba hiyo ni chanzo cha sumu kinachoendelea kudhuru hata baada ya wahusika kufungwa, na kwamba Rwanda tayari ina nyenzo za kiutawala za kuishughulikia, endapo zitaunganishwa.

Ruhwa, kituo cha mpakani katika bonde la Bugarama, kusini mwa Wilaya ya Rusizi, kando ya mto wenye jina hilohilo unaotenganisha Rwanda na Burundi, inachukuliwa hapa kama mfano wa mahali panapoweza kufikiwa na tatizo hili. Mwelekeo wa kanda ndio unaolazimisha mjadala. Mwaka 2024 vyombo vya dola vya Kenya vilivamia maabara ya methamfetamini, kichangamshi kikali kinachoweza kutengenezwa kwa kemikali tupu bila mmea wowote wa shambani, katika eneo la Namanga, kaunti ya Kajiado, mpakani na Tanzania, na maabara hiyo ikahusishwa na genge la Mexico. Mwaka huohuo polisi wa Afrika Kusini waligundua maabara kubwa shambani huko Groblersdal, na raia wa Mexico wakakamatwa. Mpaka humpa mpishi faida mbili, kwa kuwa kemikali hupita zikiwa bidhaa za kawaida na yeye mwenyewe anaweza kuvuka kabla hati ya kumkamata haijavuka. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, lakini lango likifungwa njia za panya hubaki.

Kinachobaki ndani ya nyumba ni cha aina mbili. Kwanza ni taka za wazi, kama vile asidi, magadi makali, viyeyusho vinavyolipuka na mitungi iliyoliwa na kutu, ambazo kwa makadirio yanayotumiwa sana hufikia kilo 5 hadi 6 kwa kila kilo 1 ya dawa iliyopatikana. Hizi huonekana, hunuka, na kwa kawaida huondolewa na polisi, ingawa mara nyingi huishia kumwagwa kichakani. Pili ni masalia yasiyoonekana: dawa yenyewe hupanda na mvuke wakati wa upishi, husambaa hadi vyumba ambavyo havikuhusika, kisha hutua juu ya kuta, dari, magodoro na vyombo. Mtoto anayetambaa na kutia vidole mdomoni ndiye anayeyapokea zaidi, na hiyo ndiyo sababu viwango vya usalama hukokotolewa kwa kumfikiria yeye.

Viwango hivyo hupimwa kwa kupangusa sentimita 100 za mraba za ukuta kwa kitambaa maalumu na kuhesabu mikrogramu zilizonaswa. California ilianza na mikrogramu 0.1, kisha ikapanda hadi 1.5 baada ya utafiti wa kitabibu. Australia inatumia 0.5. Hapa ndipo unakili wa moja kwa moja unapogonga mwamba. Vipimo hivyo vilibuniwa kwa kuta laini zilizopakwa rangi, ilhali nyumba nyingi za Bugarama ni za rukarakara, yaani matofali mabichi ya udongo, zenye lipu nyembamba au zisizo nayo kabisa. Ukuta wa udongo hufyonza mvuke hadi ndani, ukipanguswa hutoa vumbi badala ya jibu, na ukioshwa kwa maji na sabuni mara tatu, kama miongozo ya Marekani inavyopendekeza kwa kuta ngumu, utamomonyoka. Kwa ukuta wa namna hiyo njia ya busara ni kukwangua tabaka la juu, kulipima kama udongo unavyopimwa, kisha kupiga lipu upya, na pale sumu ilipozama sana, kubomoa. Kupaka rangi juu ya masalia, njia ambayo mwenye nyumba yeyote angeipenda kwa unafuu wake, hakuyaondoi, na yanaweza kupenya tena.

Ukali wa kupita kiasi nao una gharama yake. New Zealand ilitumia kwa miaka kadhaa viwango vya chini sana hata kwa nyumba ambazo dawa zilivutwa tu bila kupikwa, shirika la nyumba za umma likatumia zaidi ya dola milioni 100 za nchi hiyo kupima na kusafisha, na mamia ya wapangaji maskini wakatolewa, hadi ripoti ya mshauri mkuu wa sayansi wa waziri mkuu, Peter Gluckman, mwezi Mei 2018 iliposema kwamba chini ya mikrogramu 15 hakuna ushahidi wa madhara kwa mkaaji wa nyumba isiyokuwa maabara. Shirika hilo liliomba radhi na kulipa fidia. Kanuni yoyote itakayoandikwa Kigali haina budi, basi, kutenganisha nyumba ya mpishi na nyumba ya mvutaji. Anayepuuza tofauti hiyo ataishia kuwaadhibu wapangaji.

Uzoefu wa karibu zaidi Rwanda inao katika asbesto. Tangu mwaka 2011 Mamlaka ya Makazi ya Rwanda imesimamia uondoaji wa mapaa ya madini hayo yenye nyuzi zinazodhuru mapafu, kwa mafundi waliofunzwa na kuvalishwa kinga, vipande vya paa vilivyoloweshwa na kufungwa, na mashimo maalumu ya kuvifukia. Nyenzo ya pili ni usajili wa ardhi, uliokipa kila kiwanja namba yake ya utambulisho: tahadhari ikiandikwa kwenye namba hiyo siku ya upekuzi na kufutwa tu kwa cheti cha mkemia, mnunuzi au mpangaji ajaye hataingia gizani. Maji ya kuoshea yatalazimika kukusanywa kwenye mapipa, maana katika bonde hilo la mashamba ya mpunga kinachomwagwa uani hufika mto Ruhwa, kisha Rusizi, hadi ziwa Tanganyika.

Swali la malipo ndilo gumu kuliko yote, kwani mpishi akikamatwa hana kitu cha halali na mwenye nyumba aliyepangisha kwa nia njema hana kosa. Sheria ya mwaka 2015 ya kurejesha mali zinazohusiana na uhalifu inatoa mlango: gharama ya kusafisha itolewe kwanza katika fedha na magari yaliyotaifishwa kwenye kesi hiyohiyo, kabla ya chochote kuingia hazina, na mwenye nyumba achangie pale tu itakapothibitika kwamba alijua.