Tope Linalotunza Kumbukumbu

Ziwa Tanganyika, lililo magharibi ya Gungu mkoani Kigoma, lina umri wa takriban miaka milioni 9 hadi 12. Kina chake hufika mita 1,470, na chini yake tope limetuama tabaka juu ya tabaka, likihifadhi chavua, majivu na mabaki ya viumbe vya kila zama. Kama kungekuwa na ustaarabu kabla ya binadamu, ni humu ungetafutwa. Kuta na barabara hazidumu mamilioni ya miaka. Mwaka 2018 wanasayansi Gavin Schmidt na Adam Frank walieleza kuwa kinachoweza kubaki ni alama za kikemia ndani ya miamba. Lakini alama ya kaboni peke yake haitoshi kuthibitisha ustaarabu, kwani dunia ilipata joto kali miaka milioni 56 iliyopita bila kiwanda chochote.

Wapo watakaosema muda hufuta kila kitu. Haufuti. Katika bonde la Rukwa limepatikana taya la mnyama wa jamii ya sokwe, Rukwapithecus, wa miaka milioni 25 iliyopita. Kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, magogo mawili yaliyochongwa yakaunganishwa yamedumu kwenye udongo wenye maji kwa miaka 476,000. Mafundi wake waliishi kabla ya binadamu wa leo kutokea. Hao ndio watangulizi wetu wenye ushahidi. Miji ya kabla yao haina hata kipande kimoja cha ushahidi.

Ukikuta jiwe lililochongwa au kisukuku, kiache mahali pake, utoe taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale.