Barua taka na swali la bawabu

Mhasibu wa kampuni ndogo ya utalii anamtumia mteja wa Ujerumani ankara: salamu, jumla ya malipo, namba ya akaunti, ahsante. Siku tatu zinapita kimya. Mteja anapopigiwa simu anaikuta kwenye folda ya barua taka. Mhasibu anaanza kuikarabati barua. Anaondoa neno “malipo”, anafuta alama ya mshangao, anapunguza ukubwa wa nembo. Anatuma tena. Inaangukia palepale.

Kosa haliko kwenye barua, na istilahi yenyewe imechangia kumpoteza. Taka hujulikana kwa hali yake: maganda, mabaki, kilichooza. Ukiambiwa barua yako ni taka, utaikagua barua. Seva inayopokea, kwa upande wake, huanza kwa kumkagua aliyeileta.

Neno la Kiingereza, spam, lilianzia jikoni. Ni jina la nyama ya kopo iliyoingizwa sokoni Marekani mwaka 1937 na kampuni ya Hormel. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, waliigiza mgahawa ambao karibu kila chakula kina nyama hiyo, huku kundi la waimbaji likilirudia jina lake hadi watu washindwe kusikilizana. Watumiaji wa mitandao ya mwanzo wakalichukua kwa maana hiyo ya kelele inayozima mazungumzo. Jambo lenyewe lilitangulia jina: Mei 3, 1978, Gary Thuerk wa Digital Equipment Corporation alituma tangazo la kompyuta kwa watu wapatao 400 kwenye ARPANET.

Kiswahili kiliiacha nyama kikachukua maana. Kwa mpokeaji, barua taka ni jina zuri: fupi, linaeleweka, linakaa vyema kando ya barua pepe. Mazungumzoni wengi husema tu “imeenda spamu”. Kinachozitenga kikaitwa kichujio, na anayekuna nazi anaijua kazi hiyo: tui linapita, chicha inabaki. Kichujio cha aina hiyo kipo kweli. Mwaka 2002 Paul Graham alieleza jinsi ya kukokotoa uwezekano wa barua kuwa taka kutokana na maneno yaliyomo, na mbinu hiyo ikaenea sana. Lakini kabla ya kichujio kuna bawabu, na huyo istilahi zetu zimemsahau.

SMTP, itifaki ya kusafirisha barua pepe ambayo Jonathan Postel aliiandika mwaka 1982, ina hodi yake. Seva inayotuma husema HELO, kisha hutaja jina lake. Enzi hizo watu wa mtandao walikuwa wachache na walioaminiana. Jina lililotajwa lilikubaliwa bila kuhojiwa. Yeyote angeweza kubisha hodi kwa jina la benki. Udhaifu huo haukung’olewa. Yaliongezwa maswali mlangoni.

La kwanza: nani kakutuma? Mwenye kikoa huandika kwenye DNS, daftari la wazi la majina ya intaneti, mstari unaotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lake. Hiyo ndiyo SPF. Kwa kampuni inayotuma kupitia seva zilezile zinazopokea barua zake, mstari mzima ni huu: v=spf1 mx -all. Hapo mx inataja seva hizo, na -all inawafungia mlango wengine wote. Ikiandikwa ~all, mlango umerudishiwa tu, haukutiwa komeo. Mstari uwe mmoja. Wengi huongeza wa pili wanapojiunga na huduma ya kutuma matangazo, na yote miwili inakuwa batili.

La pili hujibiwa kwa DKIM, yaani saini. Seva hutia saini kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa umma unawekwa kwenye DNS ili kila mpokeaji ahakiki. Neno moja likibadilishwa njiani, saini inakataa. Kiswahili kina neno linaloifaa sana kazi hii: lakiri, nta iliyofunga bahasha ili ijulikane iwapo imefunguliwa. Neno hili lingestahili kurudishwa kazini.

DMARC hulinganisha jina analoliona msomaji na majina yaliyothibitishwa na hizo mbili, kisha humwambia mpokeaji la kufanya yasipolingana: aache, aweke karantini au akatae. Kuna pia jina la kinyume, yaani anwani ya IP ikiulizwa ni ya nani, ijibu jina la seva. Rekodi hiyo huwekwa na mwenye anwani ya IP, mara nyingi kampuni iliyokodisha seva, ndiyo maana husahaulika.

Tangu Februari 2024, Google inamtaka anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda kwa watumiaji wa Gmail awe na SPF, DKIM na DMARC kwa pamoja, na malalamiko ya wapokeaji yasifike asilimia 0.3. Mtumaji mdogo naye anatakiwa awe na SPF au DKIM, pamoja na jina la kinyume lililo sahihi.

Folda ibaki na jina lake. Kwa mtumaji, hata hivyo, panahitajika istilahi ya pili, na “barua isiyothibitishwa” ingemtosha mhasibu wetu. Mteja wake akifungua vichwa kamili vya ankara ile, atakuta spf=none, dkim=none: bawabu ameuliza mara mbili, hakuna aliyejibu. Fundi ataongeza mstari wa SPF, atawasha saini, kisha ataweka DMARC kwa p=none, yaani mpokeaji aache, na kusoma ripoti kwa wiki kadhaa kabla ya kuhamia karantini, maana huenda ikagundulika kuwa hata mfumo wa kuhifadhi nafasi za wageni umekuwa ukituma barua kwa jina la kampuni bila kuandikishwa.