SIRI ZA MUULIZAJI

Mkazi wa Kisugu, Kampala, anayeiuliza Google dawa ya maradhi ya aibu huiachia siri ambayo hajamnong'oneza hata jirani. Mambo hayakuanza hivyo. Archie, iliyotungwa mwaka 1990 na Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados, katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, iliorodhesha majina ya mafaili tu. Google, iliyoanzishwa 1998, ilipima kila ukurasa kwa wingi na uzito wa kurasa zinazouelekea. Lakini ikaja kuishi kwa matangazo, na mtangazaji hutaka kumjua mnunuzi.

Mwezi Julai 2025, kufuatia malalamiko ya raia wanne, ofisi inayosimamia sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu iliiamuru Google ijisajili. Utetezi kwamba haina ofisi nchini ulikataliwa, na ni haki: mavuno yake yamo humo humo.