Sensa haikuuliza kabila: jinsi Mbulu na Hanang zilivyojaa watu

Agosti 2022 nilikuwa karani wa sensa kwenye kitongoji kimoja upande wa Basotu, wilaya ya Hanang. Unakumbuka vile vishikwambi na reflekta? Basi na mimi nilikuwa mmoja wao. Kaya ya mwisho siku hiyo ilikuwa ya bibi mmoja wa Kidatoga. Alijibu kila kitu kwa utulivu: nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23, umri wa kila mtu, nani kasoma, mnapikia nini, choo ni cha aina gani. Nilipomaliza akaniuliza, "Mjukuu wangu, ndiyo basi? Mbona hukuniuliza mimi ni nani?"

Nikamwambia, "Nimeshaandika jina lako, bibi."

Akacheka. "Jina si nilichokuuliza."

Nimekaa na swali hilo hadi leo, na makala hii ni jaribio langu la kulijibu. Na niseme mapema ili usije ukadhani nakuficha: mimi ni Mwiraqw. Babu yangu alizaliwa kwenye vilima vya Kainam, akahamia upande wa Dongobesh, na baba akasogea tena hadi Basotu. Kwa hiyo shamba lililonisomesha liko pale ambapo wazee wa bibi yule walichunga ng'ombe. Ninapoandika kuhusu ongezeko la watu hapa, naandika kuhusu kwetu sisi kuongezeka.

Tuanze na namba. Mwaka 2002 Hanang ilikuwa na watu 205,133. Mwaka 2012 walikuwa 275,990. Mbulu ilitoka kwenye watu kama 237,000 hadi 320,279 katika miaka hiyohiyo kumi. Yaani kila wilaya iliongeza theluthi ya watu wake katika muda ambao mtoto anazaliwa na kufika darasa la nne. Ukitaka kujua kasi hiyo ina maana gani, chukua 70 ugawe kwa asilimia ya ukuaji kwa mwaka. Asilimia 3 inakupa miaka 23 hivi, na hapo idadi inakuwa imeongezeka mara mbili. Kanuni hii si kamili lakini inatosha kwa hesabu za mezani.

Mkoa mzima wa Manyara ulikuwa na watu 1,425,131 mwaka 2012 na 1,892,502 mwaka 2022. Walioongezeka ni 467,371, sawa na kuiongeza Mbulu yote ya 2012 na karibu nusu yake tena. Ila hapa kuna kitu wengi hawakioni. Katika miaka hiyo Tanzania ilikua kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, na ukipiga hesabu ya Manyara unapata kama 2.8. Mkoa unaosifika kwa familia kubwa ulikua polepole kuliko nchi. Nitarudi hapo.

Na kabila? Mara ya mwisho sensa ya Tanzania Bara kuchapisha takwimu za makabila ilikuwa 1967, nchi ikiwa na watu milioni 12.3. Baada ya hapo swali likaondolewa, kwa sababu zinazoeleweka: taifa changa lililokuwa linajijenga halikutaka kila baada ya miaka kumi watu wakae kuhesabiana nani wengi nani wachache. Ukiwatazama majirani ambako namba za makabila ni petroli ya kila uchaguzi, utaona busara yake. Lakini kila uamuzi una gharama. Ukiniuliza leo Wadatoga wa Hanang ni wangapi, au Wairaqw ni asilimia ngapi, sina namba ya sensa ya kukupa, na wala mtu mwingine hana. Namba unazokutana nazo kwenye intaneti ni makadirio juu ya makadirio.

Hili lina uzito kwa sababu eneo hili si la kawaida. Hebu fungua ramani ya lugha za Afrika. Kuna sehemu moja tu ambapo Wakushi, Waniloti, Wabantu na wasemaji wa lugha za mibofyo wanaishi jirani kwa jirani, na ni hapa, kuanzia Mbulu kushuka Kondoa na Singida. Wairaqw na ndugu zao Wagorowa wa Babati wanasema lugha za Kikushi. Wadatoga ni Waniloti. Wanyaturu, Wanyiramba na Waihanzu ni Wabantu. Na bonde la Yaeda, ndani ya Mbulu hiyohiyo, kuna Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. (Majina nayo ni kisa kingine. "Wamang'ati" wanaloitwa Wadatoga limetoka kwa Wamaasai na maana yake ni maadui. "Wambulu" tunaloitwa sisi ni jina la mji. Ukitaka kuanza vizuri na mzee wa huku, tumia jina analojiita mwenyewe.)

Sasa tulifikaje hapa? Simulizi za Wairaqw zinataja Ma'angwatay, nchi ya zamani upande wa kusini, na safari iliyoishia Irqwa Da'aw, yaani vilima vya Kainam kusini mwa mji wa Mbulu. Huko watu walijibana kwenye miteremko, wakajenga nyumba zilizochimbwa ndani ya kilima, wakafuga ng'ombe kidogo na kutandaza samadi shambani, wakachimba mifereji ya kutoa maji mabondeni. Wageni wa kwanza wa Kizungu walishangaa kuona kilimo cha namna ile, na maelezo waliyoyatoa yakadumu: hawa wamezingirwa. Wamaasai kaskazini, Wadatoga kusini, kwa hiyo wamelazimika kulima kwa bidii ili wasife njaa.

Maelezo hayo yanaingia vizuri kwenye mabishano makubwa ya dunia. Malthus aliandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka haraka kuliko chakula, mwisho wake ni njaa na magonjwa. Ester Boserup akaja 1965 akageuza: watu wakizidi, wanabuni njia za kulima zaidi. Kainam ilionekana kama mfano wa Boserup uliotoka kiwandani. Lakini mwaka 2004 mtafiti wa Stockholm, Lowe Börjeson, alipitia upya ushahidi na kuikosoa hadithi ya kuzingirwa. Kwa maoni yake kilimo kile kilijengwa kidogokidogo, kazi ya mwaka huu juu ya kazi ya mwaka jana, na si lazima mtu awe amebanwa ukutani ndipo achimbe mfereji. Mimi nakubaliana naye zaidi, na si kwa sababu ya vitabu tu. Babu hakuwahi kusimulia Kainam kama gereza. Aliisimulia kama mahali penye maji.

Jambo lisilo na ubishi ni kwamba tangu mwisho wa karne ya 19 mlango ulifunguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa Afrika Mashariki kwa kiwango cha kutisha, ndui ikafuata kwa watu, na Wamaasai wakapoteza nguvu waliyokuwa nayo kwenye nyanda za jirani. Kisha wakaja Wajerumani, na utawala wao ukazuia vita kati ya makabila. Wairaqw wakaanza kushuka: kaskazini hadi Karatu na Mbulumbulu, kusini na magharibi hadi Dongobesh, Haydom na hatimaye Basotu. Wakati wa Waingereza walifyeka vichaka kuondoa mbung'o, na kila kichaka kilichofyekwa kikawa kijiji. Mpango wa Maendeleo wa Mbulu wa mwishoni mwa miaka ya 1940 uliunganisha ufyekaji huo na kupunguza mifugo kwa lazima, jambo ambalo wazee hawakulisahau.

Mwanaanthropolojia Robert Thornton aliona kitu kizuri katika kuenea huku. Kwa Wairaqw, ardhi mpya haikuwa "yetu" kwa sababu tu mtu amelima. Ilibidi ifanyiwe tambiko, mipaka itembelewe, ndipo iwe mahali. Na ukishakuwa ndani ya mpaka ule, asili yako ilipungua uzito. Koo nyingi za Wairaqw zinasema waziwazi kwamba babu yao alikuwa Mdatoga, Mmaasai au Mwihanzu. Kwa hiyo sehemu ya "ongezeko la Wairaqw" halikutoka wodi ya wazazi kabisa. Watu walikuwa wanageuka Wairaqw. Sensa inayouliza kabila ingemwandikaje mtu wa namna hiyo? Kisanduku kimoja, tiki moja, na historia ya vizazi vitatu imefutwa.

Halafu vifo vikapungua. Haydom, ambako miaka ya 1950 bado kulikuwa pori, hospitali ya misheni ya Walutheri wa Norway ilianza mwaka 1955. Chanjo zikafuata, kisha zahanati. Kitaifa, watoto waliokufa kabla ya kutimiza miaka mitano walikuwa karibu 147 kwa kila 1,000 mwaka 1999, na 43 kufikia 2022. Uzazi nao umeshuka, ila kwa mwendo wa konokono: watoto 5.2 kwa mwanamke mwaka 2015/16, 4.8 mwaka 2022. Na hata ungeshuka leo hadi wawili, idadi ingeendelea kupanda kwa miongo kadhaa, kwa sababu zaidi ya Watanzania wanne katika kila kumi hawajafika miaka 15. Wazazi wa kesho wameshazaliwa, na wengi nimewaandika mimi.

Turudi Basotu. Kwenye nyanda zile Wadatoga walihama na mifugo kwa zamu, msimu hadi msimu, na mabonde yenye rutuba yalikuwa akiba ya wakati maalumu. Kwa mgeni anayepita na gari, akiba inafanana na ardhi isiyo na mwenyewe. Karibu na mwaka 1970 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilianza kilimo kikubwa cha ngano hapo, na shirika la NAFCO likafikisha mashamba saba ya jumla ya ekari laki moja hivi. Pamoja na malisho, trekta zilipita juu ya bung'ed, makaburi ya wazee wakubwa wa Kidatoga ambayo ni vilima vya udongo vinavyojengwa kwa miezi. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani wakashinda Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo. Baadaye mashamba mengine yalibinafsishwa, mengine yakarudishwa kwa wananchi.

Neno "wananchi" hapo lina shughuli nzito. Ardhi inaporudi, inarudi kwa nani? Kwa mfugaji aliyeondolewa miaka ya 1970 na sasa yuko mbali na ng'ombe wake, au kwa mkulima aliyekuwa karibu na ofisi ya kijiji siku orodha inaandikwa? Nadhani unajua jibu. Wahadzabe wa Yaeda, ambao ni wachache kuliko wote, mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya pamoja. Kwa kundi la watu kama elfu moja na ushee, karatasi ile imefanya kazi ambayo wingi usingeweza kuwafanyia.

Na sasa ile asilimia 2.8. Tafsiri yangu ni hii: kuenea kulikoanza na babu zetu kumekwisha nafasi. Hakuna tena kichaka cha kufyeka. Baba alipata ekari kumi na mbili, sisi tuko watano, wa kiume watatu. Kaka yangu mkubwa amebaki, wa pili yuko Kiteto anakodi shamba, mimi nipo chuoni na "shamba langu" ni kompyuta. Wanaoondoka mkoani ni sehemu ya tofauti kati ya 2.8 na 3.2. Dada zangu hawakuingizwa hata kwenye hesabu ya kugawa, na hilo nalo ni takwimu ambayo hakuna anayeiandika.

Wakati mwingine watu husogea kwenye sehemu ambazo wazee walizikwepa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, Jorodom na Gendabi, zaidi ya watu 80 wakafariki. Mvua na mwamba dhaifu ndivyo vilivyoanzisha, sisemi vinginevyo. Lakini tope lilifuata njia za maji, na kwenye njia za maji kulikuwa na nyumba.

Mwaka jana nilipita tena kwa bibi. Safari hii bila reflekta. Tulikaa nje, akanitajia majina ya mahali hadi jioni: Basotu, Gidagamowd, Balang'dalalu, Dongobesh. Yote ya Kidatoga, alisema, hata kwenye vijiji ambavyo siku hizi husikii Kidatoga sokoni. Aliponitajia Dongobesh nilijikuta nimenyamaza, maana miaka yote nilikuwa najua kwamba hapo ni kwetu.

Akaniuliza baba analima upande gani. Nikamweleza: chini ya kile kilima kidogo, karibu na mgunga mkubwa. Akatikisa kichwa taratibu, akasema anapajua, hapo mama yake alikuwa akinywesha ndama. Kisha akaagiza nipewe maziwa.