Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Kwao ni Wapi?

Matangazo ya usiku wa muziki hupenda kusimulia hadithi moja. Kijana alijifungia chumbani na kompyuta yake, akaumba mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia, na sasa, Ijumaa ijayo, atapiga katika klabu mashuhuri. Hadithi hiyo huuza tiketi. Kama historia, hata hivyo, ina kasoro kubwa: huwafuta wote waliomfikisha hapo.

Tumtazame Oliver Jones, ajulikanaye kwa jina la Skream, mmoja wa waasisi wa muziki wa dubstep. Alizaliwa mwaka 1986, akakulia Croydon, kusini mwa London. Akiwa bado mdogo alifanya kazi Big Apple, duka la santuri lililokuwa mtaa wa Surrey, penye soko la matunda na mboga. Nyuma ya kaunta alikuwapo DJ Hatcha, aliyepokea kazi za vijana kama Skream na rafiki yake Benga, akazichuja, kisha akazipiga hadharani. Mwaka 2003 lebo ya duka hilohilo ilitoa santuri ya wawili hao, nao hawajafikisha hata miaka 20. Programu ya kutengenezea muziki haikuwa adimu. Kilichokuwa adimu ni mkubwa aliyekuwa tayari kuwasikiliza.

Baada ya duka ilikuja redio. Rinse FM ilianza mwaka 1994 na ikarusha matangazo bila leseni hadi mwaka 2010. Kwa mujibu wa sheria, huo ulikuwa uhalifu. Kwa mujibu wa historia, hiyo ilikuwa miongoni mwa redio za kwanza zilizowapa vijana hawa wasikilizaji. Ni Januari 2006 tu ndipo Mary Anne Hobbs alipowakusanya katika kipindi chake cha BBC Radio 1. Shirika la umma lilifika shamba likiwa limekwisha kulimwa.

Kisha klabu. Usiku wa FWD>> ulianza mwaka 2001 mtaani Soho, ukahamia Plastic People, ukumbi wa chini ya ardhi huko Shoreditch uliotosha watu wapatao 200. Udogo wake usitudanganye. Dubstep hutegemea besi nzito ambayo spika ndogo za chumbani haziwezi kuitoa. Ni muziki unaodai ukumbi wenye mitambo mikubwa. Desturi hiyo ilitoka Jamaika, ikaletwa Uingereza na wahamiaji waliofika baada ya mwaka 1948, ambao, kwa kubaguliwa katika kumbi za wazungu, walijifungia spika zao wenyewe majumbani na kwenye kumbi za kukodi. Kutoka huko pia ulirithiwa utaratibu wa kuchonga nakala moja ya wimbo mpya na kuujaribu mbele ya wachezaji kabla ya kuuchapisha. Klabu, kwa hiyo, ilikuwa jopo la watahini. Wimbo usiowagusa waliohudhuria ulirudi nyumbani kurekebishwa.

Mwaka 2005 Mala, Coki na Loefah walianzisha usiku wao wa DMZ huko Brixton, mtaa wenye historia ndefu ya Wakaribi. Ulipotimiza mwaka mmoja, foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba ilibidi wahamie ukumbi mkubwa zaidi ndani ya jengo hilohilo, ambalo ni la kanisa.

Mwaka huohuo wa 2005, polisi wa London walianzisha Fomu 696. Waandaaji wa burudani walitakiwa kutaja majina, anwani na namba za simu za wasanii. Toleo la mwanzo liliuliza hata aina ya muziki na kabila la watu watakaohudhuria. Maswali hayo mawili yaliondolewa baada ya malalamiko, lakini fomu yenyewe haikufutwa hadi Novemba 2017. Mwaka 2010 polisi waliomba leseni ya Plastic People ipitiwe upya. Klabu ilinusurika, ikafungwa Januari 2015. Big Apple ilikuwa imekwisha kufungwa tangu mwaka 2004.

Sisemi kwamba usalama wa raia ni jambo dogo, wala kwamba kila mlango uliofungwa ulifungwa na dola. Kodi ya pango nayo huua. Ninachosema ni kwamba taifa lililojivunia wasanii hawa lilipowaona majukwaani ndilo lililoyaona malezi yao kuwa kero: duka, redio, ghorofa ya chini. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ukweli huo una sharti lake: lazima pawepo kwao. Mwenye mamlaka anayetia saini amri ya kufunga ukumbi mdogo hana budi kujiuliza ni mtihani gani ulikuwa ukifanyika humo, na watahiniwa wake wataelekea wapi kesho.